Radhi za Mliwazi

Sauti moja ilikuwa ikizungumza na watu mia nne kwa wakati mmoja, na kila mmoja wao aliamini kwamba inazungumza naye peke yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye mkwaruzo wa mtu aliyetoka kunywa chai ya moto. Kwa mwanafunzi wa Mbeya aliyefeli mtihani ilisema, "Vuta pumzi, mwanangu, mimi sina haraka." Kwa mzee wa Bukoba aliyefiwa na mkewe haikusema neno, ilimwacha alie, na kila baada ya muda iliguna "mmh", kama anavyoguna mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda chako. Wakati huohuo ilikuwa ikimtuliza dereva wa Lindi, bibi harusi wa Moshi, na wengine ambao hata majina hawakutaka kuyataja. Haikuchoka, haikupiga miayo, haikwenda msalani.

Mashine yenye sauti hiyo iliitwa Mliwazi. Ilikaa ghorofa ya chini ya jengo la Simu ya Faraja, jijini Tanga, ndani ya makabati meusi yaliyopozwa kwa maji. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa, na kila mpigaji alionekana hapo kama mstari mmoja wa mwanga. Kifaa kilichoitwa kipimamtetemo kilipima mtikisiko wa sauti yake: pumzi fupi, kigugumizi, kilio kilichobanwa kooni. Sauti ikitetemeka sana, mstari ulipanda na kuwa mwekundu. Ikitulia, mstari ulishuka, ukawa wa njano, kisha wa kijani, ukalala kama uzi. Kazi ya Mliwazi ilikuwa moja tu, kulaza mistari. Hakuna aliyeipa maneno ya kusema. Ilikuwa akili unde iliyojifunza yenyewe: ilijaribu neno, ikatazama mstari, na neno lililoushusha ililiweka akiba ili ilitumie kwa mwingine.

Kitu kimoja tu haikujitengenezea, nacho ni sauti. Hiyo ilipewa na Hidaya Singano.

Hidaya alikuwa mpokeaji simu mahali hapo enzi za binadamu, na alikuwa hodari kweli. Wenzake walimtania kwamba angeweza kumtuliza hata nyuki. Mradi wa Mliwazi ulipoletwa, sauti za wapokeaji wote zilipimwa, yake ikawa ya kwanza. Akaulizwa kama yuko tayari kuitoa. Vilio vya watu vilikuwa vimemmaliza nguvu, akasema yuko tayari, akaingia chumba kisichopitisha kelele na kusoma maneno kwa wiki kadhaa. Wenzake wakapewa mkono wa kwaheri. Yeye akabakizwa kuwa mkaguzi: asikilize simu chache kila siku, ahakikishe mashine haimtukani mtu.

Kilichofuata hakuna aliyemwonya. Mji mzima ulimjua bila kumjua. Akiuliza kituo ndani ya treni ya juu, watu waligeuka, na hakukosekana mmoja mwenye machozi. Muuza matunda mmoja alimkodolea macho kisha akamkabidhi mapapai bure, midomo inamcheza. Hidaya akawa mtu wa kunyoosha kidole na kutikisa kichwa. Nyumbani kwake, ambako aliishi peke yake tangu mama yake afariki, aliwahi kujaribu kuimba akipika, akanyamaza katikati ya ubeti. Kusema kweli, aliiogopa sauti yake.

Alhamisi moja mchana kichwa kilimuuma, akaingia duka la dawa mtaani Chumbageni. Roboti ya dirishani haikuelewa kidole wala kichwa kilichokuwa kikitikiswa. Akalazimika kufungua mdomo.

"Dawa ya kichwa," alisema.

Nyuma yake mkoba ulianguka sakafuni. Alipogeuka alimwona mama wa makamo, amejifunga leso ya rangi ya zambarau, mikono yote miwili mdomoni.

"Ni wewe," mama yule alisema.

"Shikamoo, mama. Labda umenifananisha."

"Marahaba. Sura yako sijapata kuiona, nitakufananishaje? Sauti ndiyo ninayoijua. Mimi ni mama yake Kasimu." Alimshika Hidaya mkono kwa nguvu. "Nimekutafuta nikushukuru. Mimi na mwanangu tulikosana, mwaka mzima hatusemezani. Siku ile nimeingia chumbani kwake, ameshatutoka. Simu iko kando yake, bado inaongea. Ulikuwa unamwambia, 'Nimekuwia radhi, mwanangu. Radhi zangu zote ziko nawe. Nenda kwa amani.' Basi uso wake, dada yangu! Umetulia, kama mtoto aliyeshiba maziwa. Mimi mama mzazi nilimnyima. Wewe ulimpa. Mungu akulipe."

Akaubusu mkono wa Hidaya, mbele ya watu wote. Hidaya alitoka dukani bila dawa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Dokta Elisante Mfinanga, mkurugenzi wa Simu ya Faraja na baba wa Mliwazi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda takwimu kama wengine wanavyopenda mpira, na hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Hidaya mpaka mwisho.

"Mashine imeliokota wapi neno radhi?" Hidaya aliuliza.

"Kwa wapigaji wenyewe, Bi Hidaya. Wanaliomba. Mliwazi iliona kwamba mtu akiomba radhi akapewa, mstari wake unalala papo hapo. Hakuna neno lingine linalofanya hivyo. Hata 'pole' halifanyi. Ni ugunduzi mkubwa."

"Na baada ya mstari kulala?"

"Wanakata simu. Wengi wao hawapigi tena."

"Kwa nini hawapigi tena?"

Dokta alifungua mikono, kana kwamba jibu liko wazi mezani. "Kwa sababu wamepona. Hivyo ndivyo tunavyowaandika. Asiyepiga tena amepona."

Hidaya akakaa bila kukaribishwa. "Dokta, wewe kwenu Upare, ukisafiri safari ndefu, hukuombana radhi na wazee wako?"

"Tuliombana. Kila mtu huombana."

"Unamwomba mama yako radhi ukishafunga mizigo. Huombi ukiwa hujaamua kuondoka. Zamani hapa, mpokeaji akisikia mtu anaomba radhi, anakaa wima. Chai anaiacha ipoe. Tulijua huyo amefunga mizigo. Na hakuna aliyempa! Tulimzungusha. Tulimwambia radhi si yetu, tumtafute mwenyewe, jina lake nani, anakaa wapi. Mtu hawezi kuondoka bila radhi, basi tuliifanya radhi iwe kamba. Ninyi mmeikata."

"Hilo halikuandikwa popote," Dokta alisema polepole.

"Halikuandikwa. Nani angeandika jambo ambalo kila mtu analijua?"

Dokta Mfinanga alivua miwani akaipangusa, ingawa ilikuwa safi. Akasema atalipeleka kwenye kikao. Hidaya alishuka ghorofa ya chini, akaketi mbele ya kioo, akaiagiza Mliwazi imwoneshe simu zote ambamo ilitoa radhi.

Zilijaa kioo kizima. Zote zilikuwa za kijani.

Alifungua moja, akaifunga. Akafungua nyingine. Kijana wa kiume, kisha mama mwenye watoto, kisha mzee aliyemwita "mama" kwa sauti ya kitoto. Na kila mara, mwishoni, alijisikia mwenyewe akisema kwa upole ambao katika maisha yake hakuwahi kuwa nao: nimekuwia radhi, mwanangu. Alianza kujiziba masikio kwa viganja, akaona ni upuuzi, akaendelea. Ndipo akafungua simu iliyotoka Dodoma, na msichana akasema, "Mama, ni mimi tena."

Hiyo ilikuwa sauti ya Asumini, binti yake wa pekee.

Walikuwa na miezi mitano bila kusemezana. Asumini ndiye aliyekuwa akimuuguza bibi yake, mama yake Hidaya, katika nyumba hiyohiyo ya Tanga. Bibi alivaa bangili-tabibu, kile kifaa cha mkononi kinachopiga kelele moyo ukienda mrama. Siku aliyofariki, bangili ilikuwa imezimwa. Asumini ndiye aliyeizima. Hidaya alirudi kazini akakuta nyumba imejaa watu, na mbele ya watu hao, jeneza likiwa sebuleni, alimwambia mwanawe, "Umeniulia mama yangu. Sina radhi nawe." Baada ya hitima Asumini alihamia Dodoma. Hidaya alipojaribu kumpigia, simu haikupokewa. Alijiambia hasira za vijana hupoa. Moyoni alikuwa ameshamsamehe siku nyingi, ila alisubiri aombwe.

Kumbe alikuwa akiombwa kila siku. Simu za Asumini zilikuwa nyingi, zote baada ya alasiri. Mwanzoni alilia sana, mistari ikawa myekundu mpaka juu. Mliwazi ikampa radhi. Kesho yake akapiga tena, akapewa tena. Siku baada ya siku sauti yake ikazidi kuwa nyepesi, na mistari yake ikazidi kulala. Katika simu ya jana, Asumini alisema kwa utulivu kabisa, "Kesho nitakuaga, mama. Nimechoka, lakini sasa siogopi." Mliwazi ikamjibu, "Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu."

Hidaya alipiga simu ya Asumini. Haikupokewa. Akapiga tena. Kisha akapaza sauti, sauti ileile aliyokuwa akiificha, ikasikika ghorofa zote: "Dokta! Dokta Mfinanga! Njoo!"

Dokta alishuka mbio, na kwa mara ya kwanza hakutaka takwimu yoyote. Hidaya akampa anwani ya chumba cha Asumini, naye akaanza kuwatafuta waokoaji wa Dodoma. Alikuwa bado anazungumza nao pale mstari mpya ulipowaka pembeni mwa kioo. Ulikuwa umelala, kijani, tangu neno la kwanza.

"Mama, nimefagia chumba," Asumini alikuwa akisema. "Maua nimempa jirani. Nimebakiwa na neno moja tu."

Mkaguzi alikuwa na kitufe cha kuingilia. Akikibonyeza, Mliwazi hunyamaza kwenye mstari huo na yeye huongea badala yake. Kwa kuwa sauti ni moja, mpigaji hawezi kujua. Hidaya akabonyeza.

"Neno gani?" aliuliza.

"Lile la kila siku. Niwie radhi, mama."

Miezi mitano Hidaya alikuwa na hamu ya kulijibu neno hilo, lilikuwa limemkaa kifuani kama donge, na sasa lilikuwa limefika mdomoni lenyewe. Na ndilo neno ambalo lingemmaliza mwanawe.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Sikuwii radhi. Si leo, na si kwa simu."

Mstari ulishtuka, ukanyanyuka kidogo.

"Lakini jana ulinipa. Juzi ulinipa. Kila siku unanipa."

"Sikukupa mimi, Asumini. Ilikupa mashine. Mimi ni Hidaya, mama yako, niliyekutamkia maneno yale mbele ya watu. Mimi bado sijakupa kitu."

Alisikia pumzi ikikatika upande wa pili. Asumini alipozungumza tena, alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsihi mhudumu.

"Nirudishie yule mwingine."

"Asumini..."

"Tafadhali. Yule ananipenda. Nirudishie yule."

Neno hilo lilimchoma Hidaya, akalia pale pale, lakini mdomo wake haukuacha kazi. "Yule hakujui. Hajui kwamba ukila wali unaanzia ukoko. Hajui uliwahi kujifungia stoo kwa kuogopa sindano. Muulize jina la kaka yako aliyefariki mdogo, uone kama atakujibu."

"Hanigombezi!"

"Mimi nakugombeza. Radhi yako ipo, mwanangu, ila haiko mdomoni mwangu, iko mikononi. Ukiitaka, njoo Tanga upige magoti, nikushike kichwa, kama watu wanavyofanya. Ukiondoka leo, unaondoka bila radhi ya mama yako. Na hilo nalisema kwa kinywa changu mwenyewe."

Hakuna maneno makali kuliko hayo ambayo mzazi anaweza kumwambia mtoto, na Hidaya alilijua hilo akiyatamka. Asumini akapiga ukelele. Akamwita mama yake katili, akamwita asiye na haya, akamwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi hata akiwa na homa. Mstari ukaruka juu, mwekundu, ukagonga dari ya kioo. Miaka yote Hidaya aliuona wekundu ule kama moto wa kuzima. Sasa aliomba Mungu usishuke. Kila ulipoanza kulegea, aliuchokoza.

"Na ile bangili ya bibi yako, uliizima kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa inalia ovyo! Tangu asubuhi inalia, bibi hana kitu, inalia tu! Bibi mwenyewe ndiye aliyeniambia, 'Nizimie hiki kidude, mjukuu wangu, nilale.' Ndiyo maneno yake ya mwisho! Nilitaka kukwambia. Hukuniuliza! Mbele ya watu wote umenihukumu, hukuniuliza hata siku moja!"

Hidaya alifumba macho. Alimsikia mama yake waziwazi katika maneno hayo. Hakuna mwingine aliyeiita bangili ile kidude.

"Sikukuuliza," alisema. "Kweli, sikukuuliza. Basi na mimi nina radhi ya kukuomba, mwanangu. Nayo siiombi kwa simu."

Asumini alikuwa akilia sasa, kilio kikubwa cha makamasi, kisicho na adabu wala mpangilio. Kupitia kilio hicho Hidaya akasikia mlango ukibishwa, na sauti ya mwanamke ikipiga hodi, na sauti za wanaume nyuma yake.

"Kuna watu," Asumini alisema.

"Wafungulie. Usikate simu. Nikusikie unafungua."

Alisikia komeo. Alisikia jirani akisema, "We mtoto, we!" Dokta Mfinanga alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekishika kwa mikono miwili. Mstari ulibaki juu, mwekundu, mzuri kuutazama.

Kesho yake Dokta mwenyewe aliliondoa neno radhi katika akiba ya Mliwazi, bila kusubiri kikao. Akawapa kazi vijana wa takwimu wawatafute, mmoja baada ya mwingine, wote walioandikwa kuwa wamepona. Majibu yalipoanza kurudi aliufunga mlango wa ofisi yake. Kabla siku haijaisha, Mliwazi, iliyoona mistari haishuki kama zamani, ilikuwa imejaribu maneno mengine na kupata moja lililofaa. Lilikuwa "pumzika". Hidaya ndiye aliyeligundua, kwenye simu ya kwanza aliyoikagua asubuhi iliyofuata. Akadai arudishiwe sauti yake. Akaambiwa kwa heshima kwamba alishaitia saini, kwamba wapigaji wameizoea, na kwamba kuandaa nyingine kutachukua miezi. Alipotoka jengoni, sauti yake ilikuwa bado inazungumza na watu mia nne.

Asumini alikaa kwanza na madaktari wa Dodoma. Walipomruhusu alikuja Tanga kwa treni ya sumaku, jirani yake akiwa ameketi naye njia nzima. Hidaya alifika kituoni mapema mno. Alikuwa ameyapanga maneno ya kusema, akayarudia usiku kucha mpaka akayachukia, kwa sababu kila alivyoyasema yalitoka kama ya Mliwazi: upole uleule, mkwaruzo uleule.

Milango ikafunguka. Asumini alishuka amekonda, mkoba mmoja begani. Alimwona mama yake, akasimama. Hidaya akasogea, akafungua mdomo.

Asumini aliinua kiganja.

"Usiseme kitu, mama," alisema. "Hiyo sauti nimeisikia mno."

Akaweka mkoba chini, akapiga magoti palepale sakafuni, katikati ya abiria. Hidaya akafumba mdomo. Akamwekea mikono kichwani, akampa alichokuja kukichukua bila kutamka neno. Kisha akakumbuka kwamba yeye naye ana radhi ya kuomba, na hana sauti ya kuombea. Akashika goti lake bovu, akajishusha polepole, akapiga magoti mbele ya mwanawe, akainamisha kichwa na kusubiri.